Kikohozi cha Mwenye Nyumba

Muleba, 24 Machi 1957

Kwa ndugu yangu Datius,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Sisi huku tunaendelea. Mbuzi mwekundu amezaa mapacha, mmoja ana kilema cha mguu lakini ananyonya kwa fujo kuliko mwenzake. Upepo umeangusha migomba ya nyuma ya jiko. Jirani yetu Protase anakusalimu, anasema tangu uondoke hana mtu wa kubishana naye, na mke wake amechoka kubishiwa. Mimi dada yako ni mzima. Barua hii anakuletea Saburi, dereva wa lori, mkononi, kwa hiyo sitazunguka.

Tata, baba yetu, anaumwa. Kile kikohozi chake cha msimu wa mvua mwaka huu kimeshuka kifuani na kimekataa kupanda. Anakula ndizi kiasi cha kiganja, kisha anasukuma sahani na kusema nimeharibu mchuzi.

Juzi mtwazi wetu Kagaruki alipita na watu wake, akasimama langoni. Tata alikuwa anakohoa ndani. Akaniuliza, "Huyo ni Lwakatare?" Nikamjibu ndiye. Akasema, "Basi bado yupo." Halafu akanikumbusha, kana kwamba mimi sikuzaliwa huku, kwamba sisi ni watwarwa wake: tunakaa kwenye kibanja hiki cha migomba, mwenyewe ni yeye. Mtwarwa akifa, mwanawe wa kiume humpelekea mtwazi kibuyu cha lubisi, pombe ya ndizi, kabla matanga hayajaanuliwa, ndipo anarithi. Mwana asipoonekana, kibanja kinarudi kwa mtwazi. Familia ya ng'ambo ya kijito imetolewa hivyo hivyo mwezi uliopita. Migomba yao imekatwa mbichi.

Na mwana wa kiume tunaye mmoja tu, wewe, na wewe umepigwa marufuku kukanyaga huku mpaka mwaka uishe kwa yale maneno uliyosema sokoni, kwamba watwarwa waache kupeleka lubisi. Sikulaumu. Nakulaumu kidogo. Mdomo ni wako, lakini tulioponzwa ni sisi sote. Mimi mwanamke niliyerudi kwa baba yangu baada ya ndoa kuvunjika, sihesabiwi. Babu amezikwa pale kwenye mstari wa milamula, bibi yuko pale, mama yuko pale, na hakuna hata mmoja wao ninayeweza kumbeba kichwani nikifukuzwa.

Usije. Umenisikia? Wakikukamata njiani utakuwa jela siku ile tutakayokuhitaji.

Ni mimi dada yako,
Kemilembe

*

Rwamishenye, Bukoba, 11 Aprili 1957

Dada yangu mpenzi Kemilembe,

Kasinge waitu. Nakusalimu wewe na mbuzi wako kilema, maana huyo ndiye mwenzangu. Mimi ni mzima. Bado napima vitambaa katika duka la Umedbhai, na bado nimepanga chumba kwa Bi Ashura, mama wa Kiislamu ambaye wazee wake walitoka pwani. Ananipikia wali na kunicheka ninavyoutafuta mchanganyiko wa ndizi ndani yake. Anasema Mhaya akienda peponi atauliza kwanza migomba iko wapi.

Mjini hapa mambo yanachemka. Mkutano wa chama wa Jumapili ulijaza uwanja mpaka watu wakakaa juu ya kuta. Nakuambia, dada, utwazi huu tutauzika kwa macho yetu. Ninyi shikilieni nyumba tu, msitoke hata kwa dakika moja.

Kuna jambo Kagaruki aliloniambia alipokuja hapa mjini, lakini halina uzito. Nitakueleza siku nyingine.

Nimempa Saburi blanketi zito la Tata na dawa ya kifua. Mwambie Tata nimesema asithubutu kufa kabla ya Desemba. Najua atanitukana. Niandikie tusi lenyewe kama litakavyotoka, usilipunguze, nimelikosa sana.

Ndugu yako,
Datius

*

Muleba, 19 Mei 1957

Kwa ndugu yangu Datius,

Salamu. Nimechelewa kujibu, lori lilikwama matope ya Kamachumu na baada ya hapo kazi zilikuwa nyingi. Mbuzi kilema amekufa. Kahawa zimeshika vizuri. Maharage yameota yote.

Tata anashukuru kwa blanketi. Amelala. Analala sana siku hizi. Usitume dawa nyingine, iliyopo inatosha.

Nimelima upande wote wa juu, kuanzia jiko mpaka kwenye milamula, na watu wamepita wakaniona ninalima. Ukiuliza mtu yeyote wa huku atakuambia kwa Lwakatare kunalimwa, moshi unatoka, na mzee anasikika akikohoa. Protase hapiti tena kubishana. Amekuwa mtu wa kimya.

Kuhusu tusi uliloomba, hakusema kitu.

Tafadhali baki huko huko.

Dada yako,
Kemilembe

*

Rwamishenye, 2 Juni 1957

Dada yangu Kemilembe,

Nakusalimu sana. Mimi sijambo, ila Umedbhai ameniongezea kazi kwa sababu mwanawe Vasant ameenda Kampala kuoa. Pole kwa mbuzi.

Nina kichekesho cha kukusimulia, nawe utaniambia kama ni kichekesho. Alhamisi nilirudi kutoka dukani, jua bado lipo, Bi Ashura akaniuliza, "Mzee wenu ameenda wapi?" Nikamuuliza mzee gani. Akasema kuna mzee wa Kihaya alikuja mchana akakaa kizingitini pa chumba changu, mrefu, ana kovu kwenye nyusi. Bi Ashura akamsalimu, hakuitikia. Akamwona amechoka, akamletea kahawa za kutafuna kwenye kisahani, maana ameishi na sisi kiasi cha kujua kwamba mgeni hupewa kahawa. Mzee akazitazama tu. Bi Ashura anasema asingeweza kuzichukua, kwa sababu alikuwa amejifunga lubugo, ile nguo ya gome la mti, kuanzia miguuni hadi shingoni, mikono yote ndani. Alipotoka jikoni tena, hayupo. Kizingitini pamebaki udongo mwekundu, mbichi.

Kovu la nyusi, dada. Sikuwahi kumsimulia Bi Ashura sura ya Tata. Na siku hizi nani anavaa lubugo kwenda mjini?

Mwambie Tata kama amepata nguvu za kupanda lori la Saburi, basi angenisubiri. Nimecheka nilipoandika hapo, lakini chakula cha jioni sikukimaliza.

Ndugu yako,
Datius

*

Muleba, 16 Juni 1957

Datius,

Salamu. Huku wazima.

Tata hajatoka ndani ya nyumba hii. Nakuapia kwa mama yetu, hajatoka. Mwambie Bi Ashura asiwape watu asiowajua vitu vya kula.

Alipoondoka alielekea upande gani? Muulize. Na muulize kama alikohoa.

Kahawa zimeanza kuwa nyekundu. Nitaandika nikipata nafasi.

Kemilembe

*

Rwamishenye, 27 Juni 1957

Dada Kemilembe,

Salamu nyingi. Bi Ashura anasema hakuona alikoelekea, na hakukohoa. Mzee huyo amekuja tena mara mbili. Mara zote mimi sipo.

Sasa nisikilize. Mimi nimefundisha watoto shuleni kabla ya kupima vitambaa, najua mtoto anayenijibu na mtoto anayenikwepa. Tangu Machi Tata hajanitukana. Nimemwambia asife, hakunitukana. Nimemtumia blanketi badala ya kuja mwenyewe, hakunitukana. Yule mzee aliwahi kuniita fisi mbele ya padre wa Rubya kwa sababu nilichelewa kufunga mbuzi. Mtu wa namna hiyo hashukuru kwa blanketi akanyamaza.

Umeandika kwamba unalima, tena watu wanakuona. Tangu lini ukaniandikia kwamba unalima? Umewahi kuniandikia kwamba unapumua?

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Niandikie ukweli. Usiponiandikia napanda lori la Saburi Jumamosi inayofuata, waje wanikamate.

Datius

*

Muleba, 10 Julai 1957

Ndugu yangu Datius, mwana wa Tata,

Kabla hujasoma, kaa chini. Bi Ashura awe karibu.

Saburi ameniahidi atakupa barua hii jioni, baada ya kazi, usije ukaanguka mbele ya Wahindi wa watu. Mimi ni mzima wa mwili. Salamu nyingine sina.

Tata alikufa wiki ile ile uliyoniandikia kuhusu blanketi. Blanketi lilimkuta ardhini.

Alikufa mchana, mvua kubwa inanyesha, nimemshika kichwa. Hakuhangaika. Nilifungua mdomo nilie, na Mungu anajua sauti ilikuwa imeshafika kooni. Nikaona mambo yote kwa mara moja. Nikilia, jirani atalia. Jirani akilia, kijiji kizima kitaweka majembe chini na kuja. Wakija, Kagaruki atasikia, na matanga yataanza kuhesabiwa. Wewe ukipata habari utakuja mbio, wakufunge. Matanga yataanuliwa huna kibuyu, na nyumba imekwisha. Nikameza sauti. Nikamwita Protase peke yake, kwa mkono, nikiwa mlangoni.

Tulimzika mvua ile ile ikinyesha, chumbani mwake, chini ya kitanda chake. Lubugo tulilifunga hadi shingoni, mikono ndani. Kama Bi Ashura alivyomwona. Niliposoma barua yako niliikalia muda mrefu nikisikiliza kile chumba.

Nimelima kwenye siku za msiba wa baba yangu. Jembe limegusa udongo na yeye hajaliliwa. Unajua jambo hilo lina uzito gani, ndiyo maana nililirudia kwenye barua kama mwendawazimu. Kama nisingelima watu wangeuliza. Kitandani niliweka majani makavu ya migomba, juu yake nikatandika blanketi lako, ukichungulia kutoka mlangoni ni mtu amelala. Na kikohozi nilikohoa mimi. Nimekisikia tangu utotoni, nakijua kinapoanzia na kinapokatikia. Asubuhi nakohoa, jioni nakohoa, mtu akipita langoni nakohoa.

Sasa hili lingine. Wiki iliyopita nilikwenda kisimani. Nikiwa narudi nikakutana na mke wa Protase langoni, ambaye hajui kitu. Akaniambia, "Pole dada, leo mzee anakohoa vibaya, nimesimama hapa namsikiliza." Datius, mimi ndiyo kwanza nilikuwa natoka kisimani. Ndoo ilikuwa bado kichwani.

Umeniandikia kwamba mficha maradhi, kilio humfichua. Ndiyo maana sijalia. Tangu Aprili sijatoa kilio chenye sauti, na nahisi kimeoza humu kifuani.

Na taabu haijaisha. Kagaruki ametuma mtu. Atakuja Agosti, kahawa zikishaanikwa, kunywa lubisi hapa kwetu. Anataka mwenye nyumba aonje kwanza mbele yake kwa mdomo wake mwenyewe, kama desturi inavyotaka, ajue hakuna sumu. Mwanamke haonji. Protase si mwenye nyumba.

Usije bila ruhusa. Nakuomba kwa kaburi ambalo nimelala karibu nalo miezi hii yote.

Dada yako,
Kemilembe

*

Rwamishenye, 21 Julai 1957

Dada Kemilembe,

Sijui nikusalimu vipi. Nimelia. Nililia ndani ya shuka ya Bi Ashura ili majirani wasisikie, maana hapa Rwamishenye kuna watu wa Muleba. Yaani hata mimi umenifundisha kumlilia baba yangu kama mwizi.

Nimekukasirikia siku nzima. Kisha nikawaza ulivyokuwa unakohoa peke yako, hasira ikaniisha, nikabaki na aibu. Kwa sababu na mimi nimekuficha.

Lile jambo la Kagaruki nililosema halina uzito ni hili. Aliniita barazani kwake hapa mjini, akaniambia nimpigie magoti mbele ya watu, niseme kwa sauti kwamba nimekiacha chama na yale maneno ya sokoni nimeyatapika. Nikifanya hivyo, marufuku inafutwa siku hiyo hiyo. Nilimcheka, nikaondoka. Sikukuambia kwa sababu nilijua ungesema nipige magoti.

Ona sasa. Kama ningekuambia, ungenijulisha kifo. Kama ungenijulisha kifo, labda ningepiga magoti nikamzika mwenyewe.

Dada, watu wa hapa wananitazama mimi. Kuna wazee watatu, watwarwa kama Tata, wamekataa kupeleka lubisi kwa sababu walinisikia. Nikipiga magoti, nitawatazama na macho gani? Bi Ashura anasema maiti haisubiri siasa. Mimi sijui. Wewe ndiye uliyemshika kichwa. Alisema nini? Kuna neno lolote aliniachia?

Barua hii naandika nikijua lori la Saburi limevunjika ekseli, na kipuri kinatoka Mwanza kwa meli. Sijui itakufikia lini. Sijui Agosti utafanya nini. Mungu akushike.

Datius

*

Muleba, 12 Agosti 1957

Ndugu yangu Datius,

Nakusalimu. Barua yako imefika leo, Kagaruki ameshakuja na ameshaondoka.

Lubisi tulikamua mimi na Protase, yeye anakanyaga ndizi, mimi naongeza maji. Kagaruki alifika na wazee wake, wakakaa nje chini ya upenu. Niliwapa kahawa za kutafuna, wakatafuna. Akasema, "Mzee atoke aonje." Nikapiga magoti nikamwambia mzee hawezi kusimama. Wazee wakatazamana. Akasema, "Basi mpelekee huko huko. Aonje, kibuyu kirudi. Mimi nitasikiliza."

Nilishika kibuyu na mrija wake nikaingia chumbani. Nia yangu ilikuwa nivute mimi, nikohoe mimi, nitoke. Nikakiweka kwenye kigoda karibu na kitanda ili nijifute mikono, maana ilikuwa inateleza kwa jasho. Nikaifuta kwenye nguo. Sikuwa nimekigusa tena kile kibuyu niliposikia mrija unavutwa. Mvuto mfupi, wa mtu anayejua pombe. Kisha kikohozi. Hakikuwa changu, mimi nilikuwa nimebana meno.

Nilichukua kibuyu nikatoka. Mrija ulikuwa umelowa na lubisi imepungua. Protase alikuwa amekaa chini kwenye udongo, amejishika kichwa. Kagaruki akanywa, akapangusa mdomo, akasema, "Mkono wa Lwakatare haujapotea." Wakanywa wakamaliza, wakaenda zao.

Kwa hiyo nyumba imepona. Ungenipongeza ningecheka. Lakini tangu siku hiyo mimi sikohoi tena, sina haja. Anakohoa mwenyewe, mchana kweupe, watu wakipita wanamsalimu kutoka njiani. Jana nilipopakua chakula nikasikia sahani inasukumwa. Nimehamia jikoni. Kuingia chumba kile siwezi, na kutoka kwenye kibanja hiki siwezi. Mtwazi mmoja yuko nje, mwingine yuko ndani, na mimi ni mtwarwa wa wote wawili.

Nampenda Tata. Namwogopa. Nimechoka, Datius. Mtu ambaye hajaliliwa hajui kwamba amekufa.

Unaniuliza alisema nini. Alisema kibanja kisipotee.

Habari ya Kagaruki kutaka magoti niliijua kabla yako, alimtumia Tata ujumbe mwezi wa tatu. Nilisubiri uniambie mwenyewe. Sasa nakuambia mimi: piga magoti. Ni magoti tu, yanafutika vumbi. Wewe una chama, kina watu wengi, kitaendelea hata bila wewe. Mimi nina nyumba hii, na ndani yake wewe tu ndiye uliyebaki.

Dada yako,
Kemilembe

*

Rwamishenye, 1 Septemba 1957

Dada Kemilembe,

Salamu. Bi Ashura anakusalimu pia, amekufungia mchele.

Nimepiga magoti. Ilikuwa Ijumaa, barazani kwa Kagaruki, sakafu ya saruji, watu wengi. Bi Ashura alinisindikiza akasimama barabarani, nikamsikia anajisafisha koo mara kwa mara ili nijue yupo. Nilisema yote aliyotaka. Akaniambia nirudie kwa sauti zaidi, nikarudia. Kisha akanipa kahawa za kutafuna kwa mkono wake. Nilizichukua, nikazitafuna.

Wale wazee watatu walikuwepo. Hawakunitukana. Mmoja alinipa pole.

Chama kimenitoa. Umedbhai ameniruhusu niondoke na akanipa kitambaa cheupe bila kuuliza ni cha nini. Marufuku imefutwa. Nimemwambia Kagaruki kwamba baba ni mgonjwa sana, nakwenda kumwona. Msiba tutautangaza nikiwa nimeshasimama kwenye ua wetu, mimi mrithi, kibuyu mkononi. Nakuja na Saburi tarehe kumi na nne.

Kuna kitu kimoja. Niliporudi kutoka kwa Kagaruki, hatimaye nilimwona mwenyewe. Alikuwa amekaa kizingitini, amefungwa lubugo hadi shingoni, kama mlivyomfunga. Nilimwita. Dada, alinigeuzia mgongo. Nilikaa nyuma yake nikimwita Tata, Tata, mpaka nikabaki naongea na ukuta.

Kwa nini anigeuzie mgongo? Nimefanya alichotaka.

Datius

*

Muleba, 8 Septemba 1957

Ndugu yangu Datius,

Salamu nyingi sana, na za Protase, na za mbuzi aliyebaki. Senene hawajaanza, lakini nimekuwekea ndizi unazozipenda, zile fupi. Kibuyu cha kumpelekea Kagaruki kiko tayari, nimekifunga majani mapya. Nyumba ni yako. Hakuna atakayeitoa mkononi mwako, wala mimi hakuna atakayenitoa. Hilo tumelipata.

Kwa nini alikugeuzia mgongo, najua. Nilitaka nikuambie uso kwa uso, lakini nimeona heri nikungoje ufike tayari umenichukia, kuliko unikumbatie kwanza ndipo ujue.

Siku aliyokufa, Tata alisema maneno mawili kwa pumzi moja. Alisema, "Kibanja kisipotee. Na Datius asimpigie Kagaruki magoti." Yote mawili. Nilimwambia, Tata, hayo mawili hayakai chungu kimoja. Akanitazama kama alivyozoea, kama vile nimeharibu mchuzi, akafa. Nilikaa na maneno hayo tangu Aprili nikiyageuza huku na huku. Uliponiuliza nikakupa nusu. Nilichagua nusu ambayo ina paa juu yake.

Sikuombi unisamehe leo. Nikiulizwa tena nitatoa nusu ile ile, na hilo ndilo linalonitisha kuliko kikohozi.

Tangu ulipopiga magoti amekuwa hatulii. Sasa hakohoi tu. Jioni anatembea kutoka chumbani hadi mlangoni, anasimama, anarudi. Anakungoja. Nadhani ana tusi lako.

Kwa hiyo fanya kama nitakavyokuambia, na usifanye vingine. Ukishuka kwenye lori, mwache Saburi na mizigo. Njoo kwa miguu. Ukifika langoni usibishe hodi. Najua umelelewa kubisha hodi, na mdomo utataka kusema wenyewe. Uzuie. Usiseme Kasinge Tata, usiulize kama wenyewe wapo. Ukibisha hodi atakuitikia karibu, na mtu akishakukaribisha nyumbani kwake huwezi tena kumwambia kwamba amekufa.

Anza kulia ukiwa bado barabarani. Lia kwa sauti yako yote, kijiji kizima kisikie, majembe yawekwe chini. Mimi nitakuwa nimesimama jikoni, nimefungua mdomo, nakungoja uanze.

Dada yako,
Kemilembe